Mtoto Mgonjwa Atazamwe Mwangani

Mji wa Eldoret umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri, hasa kati ya Juni na Agosti, imewazoesha wazazi kumvika mtoto nguo juu ya nguo: fulana, sweta moja au mbili, kofia ya sufu, soksi, kisha leso au blanketi ya kumfungia mgongoni. Desturi hiyo ni njema kwa mtoto mzima. Kwa mtoto mgonjwa, hata hivyo, nguo hizo hufunika karibu kila mahali ambapo ugonjwa hujionyesha, kwa maana kifua hakionekani kikipanda na kushuka, tumbo halionekani, nyayo zimo ndani ya soksi na utosi umo ndani ya kofia. Mzazi wa mtaa wa West Indies, au wa mtaa mwingine wowote wa mji huo, anayetaka kujua hali ya mwanawe kabla ya kutafuta nauli au dawa, hana budi kuanza kwa jambo dogo ambalo muuguzi naye atalianza atakapompokea: amvue mtoto nguo hadi kiunoni, amsogeze dirishani au mlangoni penye mwanga wa jua, kisha amtazame kwa dakika nzima bila kumsumbua.

Wataalamu wa tiba hutofautisha kati ya yale ambayo mgonjwa huyahisi na kuyasema mwenyewe, kama vile maumivu na kichefuchefu, na yale ambayo mtu mwingine anaweza kuyaona, kuyasikia au kuyagusa. Lugha ya kila siku huyaita yote dalili, lakini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu hana maneno ya kueleza anachokihisi, na mwili wake ndio unaosema kwa niaba yake. Kwa kutambua hilo, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa katikati ya miaka ya 1990 mwongozo wa kuwahudumia watoto wagonjwa, ambao Kenya na nchi nyingine nyingi ziliuchukua. Mwongozo huo ulitungwa kwa ajili ya zahanati zisizo na maabara wala mashine ya eksirei, na kwa hiyo umejengwa juu ya mambo yanayoonekana kwa macho, yanayosikika kwa masikio na yanayohisiwa kwa mkono. Unataja dalili nne za hatari zinazotangulia nyingine zote, yaani mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachokipokea, kupatwa na degedege, na kulegea au kuzimia kiasi cha kutoamka anapoitwa na kuguswa. Mtoto mwenye mojawapo ya hizo hahitaji mzazi wake ajue jina la ugonjwa; anahitaji kufikishwa hospitalini bila kukawia.

Katika dalili nyingine zote hakuna inayolipa subira ya mzazi kama pumzi. Nimonia, ambayo wengi huiita homa ya mapafu, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi duniani, nayo huanza kwa mafua na kikohozi visivyotofautiana na vile vya mtoto atakayepona mwenyewe kwa wiki moja. Tofauti hujitokeza katika hesabu ya pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, na pumzi zake zihesabiwe kwa sekunde 60 kamili kwa saa ya simu, kila kupanda kwa tumbo kukihesabiwa moja. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Kuanzia miezi miwili hadi kumi na moja kipimo ni 50. Na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Mtoto mchanga hupumua bila mpangilio, akiharakisha na kutua, kwa hiyo hesabu yake ikifika 60 au zaidi inafaa irudiwe kabla ya kuaminiwa. Kuhesabu kwa sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne, kama watu wengi wafanyavyo kwa haraka, huleta makosa makubwa, na dakika moja si gharama kubwa kiasi hicho.

Hesabu ikiwa imekamilika, macho yabaki kifuani. Mtoto mzima anapovuta pumzi, kifua na tumbo hupanda pamoja. Yule ambaye mapafu yake yamekakamaa kwa nimonia huonekana sehemu ya chini ya kifua chake, pale mbavu zinapoishia, ikibonyea ndani wakati uleule ambapo tumbo linapanda. Matundu ya pua yanaweza kutanuka kwa kila pumzi, na mtoto mchanga anaweza kuguna anapotoa pumzi. Sauti ya kukwaruza inayosikika mtoto anapovuta pumzi hali ametulia ni jambo jingine tena, kwa kuwa inaonyesha kwamba njia ya hewa kooni imebana, na mtoto wa namna hiyo hafunguliwi kinywa kwa nguvu ili kukaguliwa, kwa maana kilio chaweza kuifunga njia hiyo kabisa. Katika nchi ya mahindi na maharagwe kama Uasin Gishu, mzazi akumbuke pia punje na mbegu: mtoto aliyekuwa akicheza vizuri kisha akapaliwa ghafla na kuanza kukohoa huenda amevuta kitu ndani, hata kama kikohozi kimetulia baadaye.

Hapa pana upungufu unaostahili kusemwa waziwazi. Maelezo mengi ya dalili za ngozi yaliyomo vitabuni yalitokana na watoto weupe, yakizungumzia mtoto aliyegeuka wa buluu, wa manjano au mwekundu, na mzazi wa mtoto mweusi akiitafuta rangi hiyo shavuni hataiona, kisha atajifariji kwamba hakuna tatizo. Ngozi nyeusi haifichi ugonjwa. Inadai tu kwamba utafutwe mahali panapofaa. Ukosefu wa oksijeni, ambao vitabu huueleza kuwa ni ubuluu wa midomo na uso, huonekana zaidi kwenye ulimi na ufizi, ambavyo hugeuka rangi ya kijivu au zambarau. Upungufu wa damu hutazamwa kiganjani: kiganja cha mtoto hulinganishwa na cha mzazi au cha ndugu yake, naye mtoto akiachwa vidole vimelegea, kwani kuvikunja nyuma hufukuza damu na kumfanya hata mtoto mzima aonekane amepauka. Kiganja kikiwa cheupe kama karatasi, upungufu ni mkubwa.

Manjano ya mtoto mchanga nayo hutafutwa kwenye weupe wa macho, kwenye ufizi, na kwenye viganja na nyayo, baada ya ngozi kubonyezwa kwa kidole na kuachiwa. Rangi hiyo hutokana na bilirubini, taka ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika, ambayo ini la mtoto mchanga bado halijawa na nguvu ya kuiondoa upesi. Watoto wengi huwa na manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, nayo huisha yenyewe. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika kwenye viganja na nyayo katika umri wowote, hayo si ya kungoja, kwa sababu bilirubini nyingi huingia ubongoni na yaweza kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo. Ushauri wa kumwanika mtoto juani kila asubuhi umeenea sana, na jua la Eldoret ni zuri, lakini haliwezi kushika nafasi ya taa maalumu za hospitali, na siku zinazopotea katika kumwanika mtoto ndizo ambazo angetibiwa. Manjano yanayozidi wiki mbili huku choo kikiwa cheupe kama chokaa yana maana tofauti, yaani huenda mirija ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi miwili.

Vipele vinahitaji macho na vidole pamoja, kwa kuwa wekundu wao juu ya ngozi nyeusi ni hafifu na mara nyingi mkono huhisi ukwaruzo kabla jicho halijaona mabadiliko ya rangi. Surua, ambayo baadhi ya Wakenya huiita ukambi, haianzi kwa vipele. Huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi, na siku mbili au tatu baadaye, ndani ya mashavu karibu na magego, hutokea chembe nyeupe ndogo kama punje za chumvi, ambazo daktari Henry Koplik wa New York alizieleza mwaka 1896 na ambazo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Vipele vyenyewe huja kiasi cha siku ya nne, vikianzia nyuma ya masikio na usoni, kisha vikashuka kiwiliwili mpaka miguuni. Tetekuwanga huenda kinyume chake: huanzia kifuani na mgongoni, hutoa malengelenge yenye maji, na kwa kuwa hutokea kwa mikupuo, mtoto huwa na vipele vipya, malengelenge na magaga kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei katika surua. Mtoto wa surua anayepata vidonda vingi mdomoni au ukungu kwenye mboni ya jicho yumo hatarini, na ukungu huo waweza kumpotezea uwezo wa kuona; hapo vitamini A anayopewa hospitalini ni dawa hasa. Nchini Kenya chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Wazazi wengi huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Kuna upele wa aina moja ambao haungojewi hata saa moja, nao ni madoadoa ya zambarau au meusi yasiyofifia yanapobonyezwa kwa gilasi ya kioo, yakifuatana na homa, shingo iliyokakamaa au utosi uliovimba, kwa kuwa yanaashiria homa ya uti wa mgongo au bakteria walioenea katika damu.

Utosi, yaani sehemu laini ya kichwa cha mtoto ambapo mifupa haijaungana, hueleza mambo mawili yanayopingana: ukivimba huku mtoto ametulia na ameketishwa, shinikizo limezidi ndani ya kichwa, na ukibonyea, maji yamepungua mwilini. Katika kuhara, kupungua huko kwa maji ndiko kunakoua. Mtoto huanza kwa kuwa msumbufu na kunywa kwa pupa, macho yakiwa yamezama. Hali ikizidi, hulegea na kushindwa kunywa, na ngozi ya tumbo ikifinywa kati ya kitovu na ubavu huchukua zaidi ya sekunde mbili kurudi mahali pake. Kipimo cha ngozi kina upofu wake: kwa mtoto aliyekonda sana ngozi hurudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, na kwa mtoto mnene hurudi upesi hata akiwa amekauka, hivyo kisitegemewe peke yake. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yakinyweshwa kwa kijiko kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, huwaokoa watoto wengi ambao bado wanaweza kunywa, na kunyonyesha kusikome hata kwa saa moja.

Kinachohuzunisha ni kwamba dalili hizohizo zimesomwa vibaya katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Kenya na Tanzania wako walezi ambao mtoto akihara na kuwa na homa humfungua kinywa, wakiona vivimbe vyeupe kwenye ufizi huviita meno ya plastiki, na kumpeleka kwa mtu anayevichokoa kwa kitu chenye ncha. Vivimbe hivyo ni mbegu za meno ya chonge ambayo bado hayajatokeza, na kila mtoto anazo. Kuvichokoa huleta kutokwa damu nyingi, usaha, na hata pepopunda, na mtoto anayenusurika hukua bila chonge au na jino lililopinda, ilhali kuhara kulikomleta hakujatibiwa. Mlezi aliyefanya hivyo hakukosa upendo wala macho. Aliona kitu cha kweli na kukipa maana isiyo yake, na mtu wa namna hiyo hufundishika kwa maelezo kuliko kwa kukaripiwa.

Degedege nalo lina historia ya aina hiyo. Huko pwani na katika sehemu nyingi za Tanzania limehesabiwa kwa vizazi kuwa ni kazi ya shetani au ya ndege wa usiku, na kwa hiyo mtoto akikakamaa, macho yakipinduka na viungo vikitetemeka, safari ya kwanza imekuwa ya kwa mganga. Homa ya kawaida yaweza kuleta degedege fupi lisilo na madhara ya kudumu kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, lakini malaria kali na homa ya uti wa mgongo huleta mshtuko unaofanana nalo kabisa, na hakuna jicho la mzazi wala la daktari linaloweza kuvitofautisha bila vipimo. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji, na muda wa mshtuko uangaliwe kwa saa. Kwa familia za Eldoret kuna swali moja ambalo mzazi anafaa kulijibu kabla hajaulizwa: je, mtoto alisafiri wiki za karibuni? Katika baridi ya Uasin Gishu malaria si ya kila siku kama ilivyo Busia, Siaya au Kakamega, na mtoto aliyerejea kutoka kwa nyanya yake huko, akipata homa wiki ya pili, aweza kutibiwa mafua ya baridi huku vimelea vikiongezeka katika damu.

Uvimbe ni sura ambayo historia ya tiba ya Afrika imeiandika kwa macho ya watu wachache makini. Unyafuzi, yaani utapiamlo unaovimbisha, ulielezwa mwaka 1933 na daktari Cicely Williams katika Gold Coast, Ghana ya leo, akiwaona watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizogeuka nyekundu na kunyonyoka na ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta mkongwe, naye baadaye akautaja kwa jina ambalo Waga, wenyeji wa huko, waliuita. Mtoto wa unyafuzi hudanganya, kwa sababu uvimbe humfanya aonekane mnene. Kidole gumba kikibonyeza sehemu ya juu ya miguu yote miwili kwa sekunde chache na kuacha shimo, ukweli hudhihirika. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe unaopimwa katikati ya mkono wa juu hutosha kuonyesha utapiamlo wa kukonda: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ndefu ya gari kupitia nchi nyingi za Afrika akiwaonyesha madaktari picha na kuwauliza kama wamepata kuuona. Aligundua kwamba ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi na wa kawaida katika nyanda za joto na mvua, zilezile zenye malaria. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Eldoret iko juu kupita eneo hilo la joto, lakini hospitali zake hupokea watoto kutoka magharibi ya Kenya, na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ipo ndani ya mji. Taya linalovimba bila maumivu makali, meno yanayolegea kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa kung'oka meno, na uvimbe unaokua kwa siku badala ya miezi, si jipu la jino. Saratani hii hukua upesi sana, na kwa sababu hiyohiyo huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Vivyo hivyo mboni ya jicho inayong'aa nyeupe katika picha ya simu, pale ambapo jicho la pili linang'aa jekundu, yaweza kuwa saratani ya jicho, na picha hiyo ipelekwe hospitalini pamoja na mtoto.

Majeraha huonekana upesi kuliko magonjwa, lakini ukubwa wake hupotosha. Kuungua kwa chai, uji au maji ya moto kunakouma sana na kutoa malengelenge mara nyingi ni kwa juu. Sehemu iliyogeuka nyeupe au ngumu kama ngozi ya kiatu na isiyouma ndiyo iliyoungua kwa kina, kwa kuwa neva zake zimekufa. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia moja ya ngozi ya mwili wake, na kwa kipimo hicho mzazi anaweza kukadiria. Sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya mfereji kwa dakika 20, mwili uliobaki ukifunikwa vizuri, kwa sababu katika baridi ya Eldoret mtoto hupoteza joto upesi. Dawa ya meno, yai, unga na siagi hufunika jeraha na kuleta usaha. Mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa aangaliwe kwa siku nzima, na akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji maangavu yakitoka puani au sikioni, apelekwe hospitalini papo hapo. Aliyekunywa mafuta ya taa, ambayo huwekwa mno katika chupa za soda, asitapishwe, kwani mafuta hayo huharibu mapafu yanapopanda. Harufu ya pumzi, kikohozi na pumzi za haraka ndizo za kutazamwa. Jiko la makaa linaloachwa likiwaka chumbani usiku huua kwa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hapo macho hayasaidii: dalili pekee ni watu wawili au watatu wa nyumba moja kuumwa kichwa, kutapika na kulegea kwa pamoja.

Yapo pia majeraha ambayo jirani au mwalimu huyaona kabla ya mzazi, au ambayo mzazi anayajua na hayasemi. Mtoto anayeanza kutembea huumia magoti, viwiko na paji la uso. Michubuko kwenye masikio, mgongoni, matakoni au mapajani, alama zenye umbo la mkanda au waya, na mguu uliovunjika wa mtoto asiyeweza hata kutambaa, havielezwi kwa kuanguka. Nambari 116 hupokea simu bila malipo nchini Kenya kwa ajili ya watoto walio hatarini.

Mzazi anayefika kwa muuguzi akiwa na hesabu ya pumzi iliyoandikwa kwenye kitabu cha kliniki, saa ambayo mtoto alinyonya na kukojoa mara ya mwisho, na siku ambayo kila dalili ilianza, hupunguza muda ambao mtoto angekaa bila matibabu. Hesabu hiyo ichukuliwe na kila mlezi, akiwemo msichana wa kazi na nyanya anayebaki na watoto mchana. Na ikiwa mojawapo ya zile dalili nne za hatari itaonekana usiku, asubuhi isingojewe.